Shajara ya mradi: Nani hubaki chama kinaposhindwa

Februari

Kazi niliyojipa ni kuandika mwongozo mfupi wa Kiswahili kwa watu wanaoongoza vyama vya wachezaji katika gemu za mtandaoni, wawe wanaviita gildi, klani, shirika au muungano kulingana na gemu yenyewe. Wengi wao hawakuchaguliwa na mtu. Walianzisha kundi pamoja na marafiki wachache, kundi likakua, na siku moja wakajikuta wanaamua ugomvi wa watu arobaini ambao hawajawahi kuonana nao ana kwa ana. Miongozo iliyopo, ambayo karibu yote imeandikwa kwa lugha nyingine, humhimiza kiongozi huyo awe mvumilivu, msikivu na mwenye kuonyesha mfano, mashauri ambayo hayana ubaya wowote na ambayo hayamsaidii hata kidogo usiku ule wachezaji wake hodari wanapotangaza kwamba wanahamia kwingine. Ninachotaka kuandika ni jibu la swali moja: kwa nini mchezaji hubaki katika chama kinachoshindwa, ilhali kuhama kunahitaji kubofya kitufe tu?

Nimeamua kutegemea gemu tatu. World of Warcraft, iliyotoka Novemba 2004, inaingia kwa sababu wachezaji wake wamebishana kuhusu mgawanyo wa ngawira kwa takribani miongo miwili, na mabishano hayo yamezaa mifumo inayoweza kulinganishwa. EVE Online ya kampuni ya CCP ya Iceland, gemu ya vita vya meli za angani iliyoanza Mei 2003, inaingia kwa sababu wachezaji wake, ukiwatoa wa Uchina, wote wanaishi katika seva moja, na kwa sababu kampuni hairudishi mali iliyochukuliwa kwa hila ndani ya gemu, hivyo msaliti husababisha hasara isiyofutika. Clash of Clans ya Supercell ya Ufini, iliyotoka mwaka 2012, ni nyepesi kuliko hizo mbili, lakini inachezeka kwenye simu ya kawaida, na wengi wa watakaousoma mwongozo huu watakuwa wameonja uongozi kwa mara ya kwanza humo.

Mpango wa awali una sura nne: ngawira, funguo, hasara na urithi wa madaraka. Sura ya tabia za kiongozi bora nimeiacha nje kwa makusudi.

Machi, mwanzoni

Sura ya ngawira imepita nafasi niliyoitengea, na nimeiacha ikue, kwa kuwa humo ndimo uongozi wa vyama hivi ulimoanza kuwekewa maandishi. Tatizo lenyewe ni rahisi kulieleza. Katika Molten Core, uvamizi mkubwa wa mwanzo wa World of Warcraft, yaani pango ambalo kikosi huingia pamoja kuwaua maadui wakuu waitwao mabosi, kikosi kilikuwa na watu arobaini. Kila bosi aliyeuawa aliacha vitu vichache, na bosi huyo hakurudi hadi wiki iliyofuata, kwa hiyo kila alipoanguka watu zaidi ya thelathini walisimama mikono mitupu wakiwatazama wenzao wakivaa silaha mpya. Hao ndio ambao kiongozi alipaswa kuhakikisha kwamba watarudi wiki inayofuata, kwa wakati, wakiwa wamejiandaa na dawa zao.

Jibu lililoenea lilikuwa limetangulia gemu hiyo. Mwaka 1999, katika EverQuest, chama kilichoitwa Afterlife kilianza kumwekea pointi kila aliyeshiriki kuua joka, na aliyetaka kitu alikilipia kwa pointi alizojiwekea. Mfumo huo, unaojulikana hadi leo kwa herufi DKP (Dragon Kill Points, pointi za kuua joka), ulibadilisha uhusiano kati ya kiongozi na wafuasi wake kuliko ulivyobadilisha mgawanyo wenyewe. Kabla yake kiongozi aligawa kwa fadhila: aliyepewa alidaiwa shukrani, aliyenyimwa alibaki na kinyongo, na hakuna aliyekuwa na njia ya kuthibitisha kwamba ameonewa. Baada yake mwanachama alikuwa na salio. Angeweza kulisoma, kulilinganisha na la mwenzake, na kulipigania kwa ushahidi.

Hata hivyo daftari nalo lina maradhi yake. Wakongwe hulimbikiza pointi hadi mgeni asiweze kuwafikia hata akihudhuria kila usiku kwa miezi, na mgeni anayeiona hesabu hiyo haraka huona pia kwamba hana sababu ya kukaa. Ndiyo maana ulizuka mfumo wa EPGP, ambao hugawanya pointi za juhudi za mtu kwa pointi za vitu alivyokwisha kupata, kisha hupunguza zote mbili kwa asilimia fulani kila wiki, ili sifa ya mwaka jana isimlishe mtu mwaka huu. Ukazuka pia mfumo wa Suicide Kings, ambao unatumia orodha ya majina tu, na aliye juu akichukua kitu hushuka hadi mwisho; msomaji anayejua upatu ataelewa mara moja, isipokuwa kwamba humu mtu anaruhusiwa kupisha zamu yake bila kuipoteza, na hilo huwafanya baadhi wakae juu ya orodha kwa majuma wakingojea upanga mmoja.

Njia ya tatu ni baraza la ngawira, yaani maofisa wachache wanaoamua nani apewe nini kwa kuangalia manufaa ya kikosi kizima. Kwa ushindi, naona hii ndiyo njia bora kuliko zote, kwa sababu ngao nzito humwendea mbeba ngao anayehudhuria kila usiku badala ya kumwendea mshambuliaji aliyelimbikiza pointi na hana haja nayo. Kwa imani ya wanachama, ndiyo ya hatari zaidi. Mwongozo utaipendekeza kwa sharti moja, kwamba sababu ya kila uamuzi iandikwe usiku huohuo mahali ambapo kila mwanachama anaweza kuisoma, hata kama ni sentensi moja. Nimeona mabaraza yaliyokuwa ya haki kabisa yakivunjika kwa sababu tu mke wa ofisa mmoja alipata pete mbili mfululizo na hakuna aliyeona umuhimu wa kueleza kwa nini.

Kampuni zenyewe zimejaribu kuwaondolea viongozi mzigo huu. Kuanzia upanuzi wa Battle for Azeroth wa Agosti 2018 (upanuzi ni nyongeza kubwa ya gemu), Blizzard, kampuni yenye World of Warcraft, iliwaondolea viongozi uwezo wa kugawa. Kila mchezaji alipata chake moja kwa moja kutoka kwa gemu, hadi mgawanyo wa kikundi uliporudishwa katika uvamizi na upanuzi wa Dragonflight mwishoni mwa 2022. Ugomvi ulipungua, sikatai. Lakini kiongozi aliondolewa pia nafasi ya kuonekana akitenda haki, na chama ambacho hakijawahi kumwona kiongozi wake akimnyima rafiki yake mwenyewe hakina kumbukumbu ya kuitegemea siku mambo yanapokuwa magumu.

Aya itakayofunga sura hii inahusu GDKP, mnada wa ngawira kwa dhahabu ya gemu. Kila kitu huuzwa kwa anayetoa zaidi, na chungu chote hugawanywa sawa kwa washiriki mwishoni mwa usiku. Kihesabu hakuna mgawanyo wa haki zaidi ya huo: asiyepata upanga huondoka na fedha. Lakini watu wa GDKP hawahitaji kujuana, hawadaiani chochote, na wiki inayofuata kila mmoja huenda kwenye mnada wenye chungu kikubwa zaidi. Februari 2024 Blizzard iliipiga marufuku katika Season of Discovery, toleo la msimu la World of Warcraft Classic (gemu ileile katika umbo lake la zamani), na wapo walioilalamikia hatua hiyo kwa sababu zenye uzito. Kwangu GDKP ina faida moja kubwa ya kimaandishi: inaonyesha bila shaka kwamba hesabu safi peke yake haizai uaminifu. Nilikuwa na wazo la kuandika sura nzima kana kwamba inazaa, na aya hii imenilazimisha kuzipa uzito zaidi sura mbili zinazofuata.

Machi, mwishoni

Ofisa wa chama kimoja cha World of Warcraft Classic, chenye wachezaji wengi wa Ulaya na wachache wa Ghuba na Afrika Mashariki, ameniruhusu kusoma jedwali lao la pointi. Ni karatasi ya kawaida ya mtandaoni yenye safu za jina, darasa la mhusika, mahudhurio, pointi zilizopatikana, zilizotumika na salio. Katikati yake kuna safu nyembamba iliyoandikwa «akiba». Anayeingia kwa wakati, akiwa tayari, kisha akaambiwa kwamba kikosi kimejaa, huwekewa alama hapo na kupata pointi zilezile anazopata aliyeingia uvamizini, mradi awe anapatikana hadi saa ya mwisho.

Nilimuuliza kama hilo halileti manung'uniko, kwa kuwa mtu anaweza kulipwa huku anatazama mpira. Akanijibu kwa maandishi: «Mkuu, wanalalamika sana. Lakini ukiifuta hiyo safu, mwezi ukiisha huna mtu wa akiba, na mganga wako mmoja akiumwa, watu wote wanalala mapema.» Nimelinakili jibu hilo kwenye rasimu kama lilivyo, kwa ruhusa yake na bila jina.

Jedwali hilo limenionyesha jambo ambalo sikulipata katika maelezo ya mifumo. Pointi za akiba hazimlipi mtu kwa ushindi; zinamlipa kwa jioni aliyoipoteza. Ni fidia ya hasara iliyojificha ndani ya daftari la ngawira.

Aprili

Sura ya funguo inahusu mamlaka yaliyomo ndani ya programu yenyewe: nani anaweza kufukuza, nani anafungua hazina, nani anaweza kukifuta chama. Hapa EVE Online haina mpinzani, kwa kuwa matukio yake yameandikwa sana na yanajulikana hata na watu wasioicheza.

La kwanza ni la Aprili 2005. Kundi la mamluki lililoitwa Guiding Hand Social Club lilikuwa limepenyeza watu wake katika shirika la Ubiqua Seraph kwa muda mrefu, wakapanda vyeo, wakaaminiwa, hadi mmoja wao akawa msaidizi wa karibu wa kiongozi mkuu. Siku waliyopanga, walimuua kiongozi huyo na kuzifagia bohari za shirika. Hasara ilikadiriwa kuwa zaidi ya dola 16,000 za Marekani kwa thamani ya wakati huo. Wasomaji wengi hulisimulia tukio hili kama kisa cha ujasusi, na kweli ni kisa kitamu, lakini kwa mwongozo wangu lina somo kavu tu: waliopenyeza hawakuvunja kufuli lolote, walipewa funguo, kwa sababu shirika lilizoea kumpa funguo zote kila aliyefanya kazi nyingi.

La pili ni la Februari 2009. Band of Brothers ulikuwa muungano ulioogopwa kuliko wote katika gemu, ukimiliki eneo la Delve na kujigamba kwamba hauwezi kushindwa vitani. Mmoja wa wakurugenzi wake alichoka, akataka kuhamia kwa maadui wao, Goonswarm, na alipofika huko akaulizwa ana mamlaka gani. Alikuwa na mamlaka ya kuufunga muungano. Akaufunga. Jina likapotea, umiliki wa maeneo ukapotea pamoja nalo, na vita ambavyo vilikuwa vimeshindikana kwa meli vikageuzwa kwa kitufe. Walichokosea Band of Brothers hakikuwa kumwamini mtu asiyefaa, maana mtu huyo alikuwa mwanachama wa kweli kwa muda mrefu. Mpango wao wote uliruhusu uchovu wa mtu mmoja kuwa mwisho wa maelfu.

Jambo linalofanya kisa hiki kistahili kurasa kadhaa ni yaliyowapata washindi. Mwanzoni mwa 2010, mwaka mmoja tu baadaye, kiongozi wa Goonswarm mwenyewe aliacha ada za umiliki wa maeneo bila kulipwa, maeneo yakaponyoka, kisha akachukua mali ya muungano na kuufunga. Kitufe kilekile. Kwa mantiki ya kawaida Goonswarm ungepaswa kufa kama Band of Brothers, ambao walijikusanya chini ya jina jingine bila kurejea kwa kudumu katika nguvu zao. Haukufa. Watu wake waliunda muungano mpya, Goonswarm Federation, wakahamia upande mwingine wa ramani, na miaka michache baadaye walikuwa miongoni mwa wenye nguvu kubwa kuliko wote.

Nimekaa na tofauti hiyo kwa muda. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba watu wa Goonswarm walikuwa na kwao nje ya gemu: walitoka katika jumuiya ya tovuti ya Something Awful, walikuwa wakifahamiana kabla ya kuingia EVE na wangeendelea kufahamiana hata EVE ikizimwa. Nakubaliana nayo, ila naona haitoshi, na sababu ya pili nimeihifadhi kwa sura ya hasara.

La tatu ni la Septemba 2017. Mwanadiplomasia mkuu wa muungano wa Circle of Two alikabidhi ngome za muungano huo kwa wengine na kuondoka na fedha za gemu zaidi ya trilioni moja. Yeye mwenyewe alieleza kwamba alikuwa amechoshwa na namna kiongozi wake alivyowatendea watu. Kiongozi huyo naye, kwa ghadhabu, aliandika hadharani vitisho vya kumdhuru katika maisha halisi, na CCP ikamfungia moja kwa moja. Muungano uliokuwa na maelfu ya watu ulipoteza hazina na kiongozi kwa usiku mmoja, na aliyeziangusha zote mbili ni mtu ambaye pengine angebaki kama pangekuwa na mahali pa kupeleka malalamiko yake juu ya kiongozi mkuu.

Mapendekezo ya sura hii yamekuja yenyewe, na ni machache. Anayeshika hazina asiwe anayeshika orodha ya wanachama. Cheo cha heshima kitengwe na cheo chenye mamlaka. Katika Clash of Clans, kwa mfano, viongozi wengi humpandisha mtu kuwa mzee wa klani kama asante ya kuchangia askari, wakisahau kwamba wamempa pia uwezo wa kumfukuza mwanachama wa kawaida. Na pawepo ofisa mmoja, anayejulikana kwa jina, ambaye kazi yake ni kupokea malalamiko dhidi ya kiongozi.

Mei

Sura ya hasara ndiyo ninayoipenda, na ndiyo iliyonilazimisha kupanga upya kitabu chote.

Katika EVE Online meli ikilipuliwa imekwenda. Bima hurudisha sehemu tu, na aliyeijenga kwa wiki tatu huanza tena. Katika hali hiyo ni jambo la kawaida rubani kukataa mwito wa vita, kwa kuwa ushindi utakuwa wa muungano na hasara itakuwa yake. Miungano mikubwa, Goonswarm ikiwa mojawapo ya iliyojulikana kwa hilo, ilijibu kwa kuanzisha mfuko wa kufidia meli: rubani aliyepoteza meli katika vita rasmi, ikiwa na vifaa vilivyoagizwa, hutuma taarifa ya kifo chake na kulipwa kutoka katika hazina. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Miungano hii humpa meli siku ya kwanza, na akiilipua kesho humpa nyingine. Rubani asiye na uzoefu anayejua kwamba hasara yake ni ya wote huenda mbele. Mkongwe tajiri asiye na uhakika huo hubaki bandarini.

Nadhani hapa ndipo ilipo sababu ya pili ya Goonswarm kuinuka mwaka 2010. Watu waliozoea kupoteza pamoja walikuwa wamekwisha kufanya mazoezi ya siku ile. Band of Brothers waliunganishwa na ubora wao. Ubora ulipoondolewa kwa kitufe, kilichobaki cha kuwaunganisha kilikuwa kidogo. Siwezi kuithibitisha hoja hii kama hesabu, na nimeiandika katika rasimu kama maoni yangu.

Ushahidi mwingine ni wa mapigano ya B-R5RB ya tarehe 27 na 28 Januari 2014. Yalianza kwa sababu ada ya umiliki wa mfumo huo wa nyota haikulipwa, mfumo ukawa wazi, na pande mbili zikaukimbilia. Yalidumu saa 21; wachezaji 7,548 walihusika kwa namna moja au nyingine, na meli kubwa kabisa za gemu, zinazoitwa titani, 75 ziliharibiwa. Makadirio ya hasara yalifika dola 300,000 za Marekani na zaidi. Kwa kawaida watu hutaja fedha hizo na kuishia hapo. Mimi ninataka msomaji aangalie wale walioendelea kuingia vitani katika saa za mwisho upande uliokuwa umeshindwa, wakijua kwamba hawataokoa kitu, ila kwamba kuondoka mapema kungewaachia wenzao mzigo wote.

World of Warcraft ina mfano wa kinyume, na huu ninaukumbuka watu wakiusimulia kwa uchungu. Upanuzi wa The Burning Crusade wa Januari 2007 ulishusha vikosi kutoka watu 40 hadi 25, na mlango wa kwanza wa uvamizi, Karazhan, uliingiza watu 10 tu. Hapakuwa na adui wala msaliti. Kiongozi aliamka akiwa na watu kumi na watano wasio na nafasi, na kabla ya hapo akiwa na kazi ya kuchagua kikosi cha kwanza cha kumi, ambacho kila mtu alijua kwamba ndicho kitakachopata silaha mapema. Vyama vingi vilivunjika wakati huo. Vilivyopona, kwa simulizi nilizozipata, ni vile vilivyozungusha majina, ambapo maofisa wenyewe walikaa nje wiki kadhaa ili wengine waingie, na vilivyopasuka haraka ni vile ambavyo kikosi cha kwanza kilikuwa orodha ya maofisa na marafiki zao.

Kampuni nayo ilijaribu kutengeneza uaminifu kwa njia nyingine. Kuanzia Cataclysm, Desemba 2010, chama kilipanda ngazi hadi ya 25 na kuwapa wanachama faida kama kusafiri kwa kasi zaidi na kufufua kikosi kizima kwa mara moja. Aliyehama alianza upya kujijengea heshima katika chama kipya. Watu walibaki, hilo ni kweli, lakini walibaki katika vyama vikubwa vya watu wasiosalimiana, na vyama vidogo vya marafiki vikapata shida ya kuvuta wageni. Ngazi hizo ziliondolewa mwishoni mwa 2014. Ninazitaja katika rasimu kwa aya moja tu, chini ya kichwa «Kumfunga mtu si kumweka».

Baada ya kuandika haya nimebadilisha mpangilio: hasara sasa ni sura ya kwanza, ngawira ya pili, funguo ya tatu. Msomaji akiacha kusoma baada ya sura moja, heri aache akiwa na hii.

Julai

Klani moja ya Clash of Clans, yenye wanachama wa Mombasa, Dar es Salaam na Muscat, imekubali kuijaribu rasimu. Ni klani isiyojaa, ingawa gemu inaruhusu watu 50, na inaendeshwa zaidi kupitia kikundi cha WhatsApp kuliko ndani ya gemu. Nilitarajia maswali kuhusu vita. Swali la kwanza lilitoka kwa dada mmoja wa Muscat na lilihusu saa: siku ya vita ikifungwa saa kumi alfajiri, je, anayeshindwa kushambulia mara zake mbili kwa sababu amelala aandikwe sawa na aliyepuuza? Klani ilikuwa inamwandika sawa, na katika kikundi kile watu wawili walikuwa wamekwisha kuondoka kwa sababu hiyo bila kusema lolote.

Suala la saa halikuwa katika rasimu kabisa, na kwa wasomaji wetu ni zito. Seva nyingi wanazotumia ziko Ulaya au Mashariki ya Kati. Uvamizi unaoanza saa mbili usiku kwa saa za Ulaya ya kati huanza saa nne usiku kwa saa za Afrika Mashariki wakati wa baridi na saa tatu wakati wa kiangazi, na ukiendelea kwa saa tatu, mwenye kazi asubuhi amekwisha kulipa gharama ambayo mwenzake wa Ulaya haioni. EVE husimama kila siku kwa matengenezo saa 11:00 kwa saa za dunia, ambayo kwetu ni saa nane mchana. Hilo halimsumbui mtu. Lakini ngome inayopangiwa saa ya hatari, yaani saa ambayo adui anaweza kuishambulia, kwa kufuata jioni ya Ulaya humkuta rubani wa Nairobi akiwa amelala, na chama kinachohesabu mahudhurio bila kuangalia saa kinampunguzia pointi kwa kosa la kuishi alipo. Nimeongeza sehemu hii kwenye sura ya hasara, kwa kuwa usingizi nao ni hasara inayobebwa na baadhi kwa niaba ya wote, na nimependekeza uzito wa pointi uongezeke kwa anayehudhuria baada ya saa sita usiku kwa saa za kwao.

Kiongozi wa klani hiyo, ambaye kila mtu humwita Mwenyekiti, alisoma sura ya funguo na kuniuliza kwa faragha kama ninashauri ang'atuke. Nilimjibu kwamba sishauri hivyo. Ninashauri ajulikane atakayeshika nafasi yake kabla haijahitajika. Siku mbili baadaye alimtangaza makamu wake kwenye kikundi, na nilifurahi kuona kwamba hakumchagua anayechangia askari wengi kuliko wote. Alimchagua yule anayeandika orodha.

Sura ya urithi bado haijaandikwa ila kwa vipande. Ninayo mifano ya kutosha ya vyama vilivyokufa kwa sababu kiongozi alipata mtoto, kazi au maradhi, na World of Warcraft yenyewe ina utaratibu wa kumwezesha ofisa kuchukua uongozi pale mkuu anapopotea kwa muda mrefu, jambo linaloonyesha jinsi tatizo hili lilivyo la kawaida. Ninao pia mfano wa Method, chama kilichokuwa kikishindania ushindi wa kwanza duniani: mwaka 2020, baada ya kashfa iliyotikisa uongozi wake, wengi wa wachezaji wa kikosi waliondoka pamoja na mwaka huohuo wakaunda Echo, ambayo iliingia mara moja katika mashindano yaleyale. Jina lilibaki upande mmoja na kikosi upande mwingine. Sijaamua kama mfano huu ni wa sura ya urithi au ni wa sura ya hasara, na kwa sasa umo katika zote mbili.

Kinachofuata ni kifungu cha kuondoka, ambacho klani ya majaribio imeomba kiwe tayari kabla ya ligi ya mwezi ujao. Rasimu yake inasema hivi: «Mwanachama anayeaga kwa maneno, akirudisha alichoazima, atatunziwa salio lake hadi mwisho wa msimu unaofuata, na akirudi ndani ya muda huo atarudi nalo. Anayeondoka bila kuaga hatatukanwa kwenye kikundi.» Mwenyekiti anataka sentensi ya pili ifutwe. Makamu wake anataka ibaki, na wamekubaliana waipigie kura.